Mstari wa Kitambi cha Machage

Shomari alipoona baiskeli imekatika vipande viwili sokoni Bunda, na Machage, tajiri wa ng'ombe wa Butiama, amekaa chini akiitazama kwa uchungu, alijua Mungu amemletea riziki.

“Pole, mzee. Ya ngapi hii?”

“Ya tatu. Mwili huu utanimaliza.”

“Mwili wako hauna kosa. Haujapigiwa hesabu tu.”

Enzi hizo za Mwingereza kila kitu kilipigiwa hesabu: kodi, pamba, ng'ombe. Kitambi kiachwe kwa nini? Wakakubaliana: Machage akipungua katika miezi miwili kama Shomari atakavyotabiri, Shomari apewe dume la ng'ombe.

Shomari akahamia Butiama na mizani yake ya ndoano, iliyosoma chochote alichotaka yeye. Akamhoji mwenyeji bila haya: unakula nini, unalalaje, unakoroma? Kila jibu aliligeuza nukta ya mkaa ukutani, na mstari wa uzito ukateremka kutoka darini mpaka karibu na sakafu. Nyama na samaki alizokatazwa Machage, zisije zikamshawishi, alizila mtaalamu mwenyewe. Elimu ina taabu zake.

“Fundi, hata mchuzi?” aliuliza Machage akimeza mate.

“Hasa mchuzi, mzee.”

“Huyu mgeni anakulaga kweli,” alinong'ona Nyangi, mke wa Machage.

Siku ya mwisho Machage akatangaza kwa furaha kwamba ameazima mizani ya mnunuzi wa pamba. Mizani ya watu haifundishiki. Mwenyeji alipotoka kwenda kupimwa, Shomari akachukua saa ya mfukoni ya Machage, akaibana kwa meno, akaliendea dirisha la nyuma, lile alilolipima kwa macho siku aliyofika. Kichwa kilipita. Mabega yakapita. Tumbo likagoma.

Mara Machage akaja mbio, ndiyo, mbio, akivuta dume.

“Fundi! Nimepungua kama ulivyosema! Mstari wako ni wa kweli kabisa!”

Akasimama. Saa ilikuwa ikilia tik, tik mdomoni mwa fundi.

Nyangi akaichomoa saa, akaifuta kwa kanga. “Hapa kwetu mwizi analipaga ng'ombe.”

“Anaye,” alisema Machage kwa huzuni. “Nilikuwa namletea sasa hivi.” Akamgeuza dume kuelekea zizini.

“Na yeye mwenyewe?”

Machage alimtazama mtabiri, nusu ndani, nusu nje.

“Mchoreeni mstari. Akipungua, atatoka.”