Moshi wa Waithaka Usiohesabiwa

Ilikuwa mwaka wa sabini na tano, saa nne asubuhi hivi. Tulikuwa kwa benchi ya chai ya Mama Peres, uchochoro mmoja nyuma ya River Road, Nzuki alipofungua gazeti. Nzuki tunamwita Kompyuta, maana ni tarishi kwa ofisi moja hapo juu, ya wataalamu wanaopigia mji hesabu.

"Sikizeni. Wakubwa wangu wametoka kwa gazeti. Mashine imepima stima na moshi ya Nairobi yote, ikaona tuko sawasawa."

"Sawasawa na nani?" akauliza Were. Huyu, fundi wa umeme, tunamwita Waya. Kutwa anafunga stima Kitisuru kwa matajiri, na kwake Waithaka anawasha koroboi ya mafuta.

"Kitisuru inakula stima mingi, Waithaka haili. Ukijumlisha, hewa inabaki safi."

"Kwa hivyo mimi nikilala giza nimeshikilia mji?"

"Wewe ni nguzo, bana."

Tukacheka. Mama Peres hakucheka. Alikuwa ameomba stima mara tatu, huko huko Waithaka, kwa sababu moshi wa jikoni ulishamharibia kifua binti yake, Milcah.

"Na sisi tukiwekewa stima?" akauliza.

Nzuki akakunja gazeti polepole. "Hapo mizani inalala upande, Mama. Wameandika maombi yenu yangoje miaka kumi."

"Na moshi ya nyumba yangu wamehesabu?"

"Ya ndani hapana. Walipima ile iko juu ya paa."

"Basi Milcah apande paa akohoe," Were akasema.

Mama Peres akageuka, akaongeza makaa kwa jiko la chai, moshi ukafuka. Were akainamia kikombe chake.

Kabla ya saa sita stima ikapotea mtaa mzima. Mashine ikazimika, wataalamu wakashuka ngazi wakitafuta chai. Mkubwa wao, Bwana Gichuru wa Kitisuru, alikalishwa pale moshi unapoelekea. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Alipopata pumzi, akatoa kalamu.

"Samahani, Mama. Hili jiko linakula makaa kiasi gani kwa siku?"

Mama Peres akamwekea kikombe mbele. "Andika kwanza Peres, wa Waithaka. Halafu Milcah, miaka sita, kifua. Makaa nitakwambia ukimaliza watu."

Bwana Gichuru aliandika. Alipoinua kichwa, benchi yetu ilikuwa tupu. Sote tulikuwa tumepanga laini mbele yake tuandikwe, na wa kwanza alikuwa Nzuki, tarishi wake mwenyewe.