Gari Jekundu la Bi Jerbai

Siku Mubashir Kidwai alipokwenda kuua mchwa nyumbani kwa Bi Jerbai, hakuwa na dawa ya mchwa. Alikuwa na ndoo ya maji ya chokaa, bomba la kupulizia, na koti jeupe lililotariziwa "Daktari" mfukoni. Kwa vifaa hivyo vitatu alikuwa ameshatibu nusu ya nyumba kongwe za Karachi, na mchwa wenyewe hawakuwahi kulalamika.

Bi Jerbai alikuwa mjane wa Kiparsi, jamii ndogo yenye asili ya Uajemi, wa miaka sabini na ushei, mfupi, mwenye miwani mikubwa iliyomfanya aonekane kama anashangaa muda wote. Alimpeleka Mubashir uani kumwonyesha nguzo zilizoliwa. Mubashir akainua bomba lake, na hapo ndipo alipoona kuku akitoka dirishani mwa gari.

Lilikuwa limelala chini ya turubai lililochanika: pua ndefu, viti viwili tu, magurudumu ya spoki kama ya baiskeli. Mate yakamjaa mdomoni. Magari Mubashir aliyajua kama alivyowajua watu, yaani kwa sura, na sura hii alishaiona kwenye magazeti ya kinyozi. Gari la spoti la Kiingereza, lile ambalo matajiri wa mtaa wa Clifton wangeuza ndugu zao wapate moja.

Tena la Mparsi! Ukitaka kuuza gari Karachi, andika tu kwamba mwenyewe ni Mparsi, na wanunuzi watapanga foleni kabla hujamaliza kuandika. Wanasifika kwa kutunza magari kama mayai, na kwa kusema kweli hata pale uongo ungewafaa. Kukagua gari la Mparsi kabla ya kulinunua ni kama kunusa chakula cha mama mkwe kabla ya kula.

"Mama," alisema Mubashir kwa huzuni ya kidaktari, "mchwa wako wanazaliana humu kwenye hili likopo. Lazima liondoke."

"Ni la marehemu Rustom wangu."

"Mungu amrehemu. Nitakuondolea mwenyewe, bure, kwa heshima yako."

"Bure sitaki. Utalinunua?"

"Kutu inanunuliwa, mama?"

"Basi acha kuku wangu walale," akasema Bi Jerbai, akageuka kwenda ndani.

Mubashir akamfuata mbio. Mazungumzo yalikula vikombe vitatu vya chai, na kila Mubashir alipotaja bei, bibi aliangalia dirishani kana kwamba bei hiyo inapita barabarani na haimhusu. Mwishowe akasema hataki noti kabisa.

"Noti zinaliwa na mchwa. Wewe mwenyewe, daktari, umesema wameshafika kabatini. Nipe dhahabu. Na unijengee banda jipya la kuku."

"Dhahabu, mama? Kwa chuma chakavu?"

"Si lazima. Lakini fungua basi uangalie. Inua hata boneti."

Mubashir alitamani hadi vidole vikamwasha. Lakini akikagua, bibi atajua kwamba ameona kitu cha thamani. Akatikisa kichwa.

"Chuma chakavu ni chuma chakavu, mama. Nikague nini?"

Dhahabu pekee iliyokuwa nyumbani kwake ni bangili sita za mkewe, Rukhsana, alizoachiwa na marehemu mama yake. Mubashir aliomba siku mbili. Siku ya tatu Rukhsana alizivua moja moja, akaziweka kwenye leso.

"Harusi ya mdogo wangu ni miezi minne ijayo," alisema. "Siku ya hina, zisipokuwa mkononi mwangu, nitakwenda harusini na sitarudi. Wala usinifuate na maneno yako matamu. Mimi ndiye niliyeingizwa mjini nayo wa kwanza."

Mubashir alicheka, lakini leso aliifunga mafundo mawili. Katika mambo yake yote, kumpenda Rukhsana ndilo pekee asiloliigiza.

Mnunuzi alimjua tangu zamani. Seth Gaffar alikuwa na kiwanda cha taulo, nyumba ya ghorofa tatu na kidonda kimoja moyoni: shemeji yake, Anis, alikuwa na gari kuukuu la Kimarekani, refu kama jahazi la mizigo, na kila Ijumaa alilipitisha polepole mbele ya geti la Seth. Mubashir hakumwambia Seth kwamba gari liko umbali wa kilomita mbili. Gari lililoko kilomita mbili halina nauli. Alimwambia liko Uingereza, kwenye zizi la lodi mmoja aliyefilisika.

Picha ikahitajika. Mubashir na rafiki yake Alban wakaliosha gari, wakaliegesha kwenye ukuta wa mawe wa kanisa la zamani jirani na kwa Bi Jerbai, na Alban, Mgoa mweupe kuliko wenzake, akavishwa koti la sufu na kofia. Ilikuwa mwezi wa Mei, lami inayeyuka.

Seth aliisogeza picha puani. "Mbona lodi anatokwa jasho?"

"Ni machozi, Seth. Anaachana na gari la babake."

"Machozi yanatoka kwenye paji la uso?"

"Waingereza ni watu wa kujizuia. Wanalia panapopatikana nafasi."

Seth akatikisa kichwa kwa kumhurumia lodi. Kisha akauliza kuhusu forodha, kwani gari kuukuu haliingii nchini hivi hivi, na kabla Mubashir hajafungua mdomo akajijibu mwenyewe kwamba kwenye karatasi litaandikwa mashine ya kufuma taulo. Mubashir alijifanya kushtuka, akabembelezwa, akakubali. Seth akatia saini tamko la mashine kwa mkono wake, akatoa nauli ya meli, bima ya bahari na gharama za winchi. Bei yenyewe angelipa gari likifika getini.

Safari ya baharini ilichukua dakika arobaini, kwa mkokoteni wa punda, kutoka kwa Bi Jerbai hadi gereji ya Fundi Zamir.

Fundi Zamir alikuwa mnyoosha bodi wa miaka sitini, ambaye kelele za nyundo zilikuwa zimemla nusu ya usikivu. Alilizunguka gari mara moja. Akakohoa. Akakaa chini akaomba chai.

"Umelinunua kwa nani?"

"Bi Jerbai, mjane wa Rustom."

"Umelikagua?"

"Fundi, gari la Mparsi linakaguliwa?"

"Hapana," alisema Fundi Zamir baada ya kufikiri. "Halikaguliwi. Nilipe kwanza."

Nauli yote ya Seth ikaingia gereji: injini, nikeli, ngozi ya viti, vioo. Mubashir alitaka kijani cha Kiingereza. Fundi akasema nyekundu. Mubashir akasisitiza, Fundi akajifanya hasikii, na gari likatoka jekundu. Kiti cha dereva nacho kilisogezwa mbele hadi kikakaribia kukumbatia usukani, ingawa Seth alikuwa mrefu kama nguzo. Mubashir aliuliza. Fundi akajifanya hasikii tena.

Muda wote huo Mubashir alipeleka habari kwa Seth. Meli iko Suez. Meli ina dhoruba. Meli inasubiri zamu Aden, na nahodha anamsalimu. Siku za mapumziko alijenga banda la kuku, akipiga misumari huku Bi Jerbai akimwelekeza kwa kijiko cha chai.

"Usisahau mbuzi wa sadaka," Fundi alimwambia gari lilipokamilika. "Gari la ng'ambo lisipochinjiwa lina mkosi. Usihangaike kutafuta, ninaye wangu."

Mbuzi huyo alikuwa mweusi, mnene, na maarufu mtaani kwa jambo ambalo Mubashir, mtu wa kutazama sura tu, hakulijua: kila gari likitoka kupakwa rangi, mafundi walimfunga mbali, kwa sababu hakuweza kumvumilia mbuzi mwingine yeyote aliyemwona kwenye kitu kinachong'aa.

Ilikuwa siku mbili kabla ya hina. Uwanja wa Seth ulijaa wageni na harufu ya biriani. Anis mwenyewe alikuwepo, mikono nyuma, akijilazimisha kutabasamu. Gari lilisimama kati likiwaka kama pilipili mbivu, na wazee wakalizunguka wakinong'ona. Seth alikuwa ameshashika bahasha. Mkono wa Mubashir ulikuwa umeshanyooka kuipokea.

"Kwanza sadaka," alisema mama yake Seth.

Mbuzi akaletwa. Akapita karibu na mlango wa gari, akageuka, akamwona mbuzi mweusi, mnene, akimkodolea macho. Akarudi nyuma hatua nne. Aliyeshika kamba alidhani anaogopa, akailegeza.

Kishindo kilisikika hadi jikoni. Mlango ukabonyea, na rangi ikabanduka pande kubwa pamoja na unga wa kuzibia mashimo uliokuwa chini yake. Mbuzi akapiga tena. Ikabanduka nyingine. Chini ya wekundu kukatokea bati la manjano, na juu ya bati maandishi makubwa ya Kiurdu.

Anis aliinama, akayasoma kwa sauti ya mtu anayefungua zawadi. "Samli Halisi. Kilo kumi na sita. Weka mbali na jua."

Wazee wakasogea kusoma wenyewe.

"Mubashir," alisema Seth polepole, "Waingereza wanatengeneza magari kwa madebe yetu ya samli?"

"Seth, unawajua wale watu," alisema Mubashir, na sauti ilikuwa inamtoka yenyewe. "Walichukua kila kitu chetu. Hata madebe."

Anis alicheka mpaka akakaa chini. Seth alimvuta Mubashir nyuma ya nguzo. Alimkunja kola, lakini angempeleka wapi? Polisi wangeuliza gari liliingiaje, na karatasi yenye saini yake ilisema mashine ya taulo.

"Ondoa likopo lako," alisema, "na uso wako uende nalo."

Mubashir alirudisha gari gereji, akaenda moja kwa moja kwa Bi Jerbai. Njiani aliandaa matusi, lakini kadiri alivyokaribia yakazidi kupungua. Angemwambia nani kwamba ameuziwa gari bovu na Mparsi? Karachi nzima ingedhani yeye ndiye aliyemwuzia Mparsi.

"Madebe, mama," alisema, akajitupa kitini.

"Madebe ya harusi yetu," alisema Bi Jerbai akimmiminia chai. "Rustom aliliona gari hilo gazetini, jekundu, akaomba kibali cha kuliagiza, akanyimwa. Akasema atalitengeneza mwenyewe. Miaka minne, yeye na Zamir, juu ya injini ya gari dogo la posta. Nilikuambia ufungue uangalie."

"Hukuniambia ni madebe."

"Hukuniambia ni dhahabu."

Mubashir aliwaza mkono mtupu wa Rukhsana siku ya hina. Akatoa maneno yake yote yaliyobaki. Alisema juu ya roho ya Rustom, juu ya gari la marehemu kuvunjwa na wageni, juu ya kuku waliozoea viti vyake. Akalia, na kwa mara ya kwanza machozi yalitoka machoni. Bi Jerbai alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akafungua mkebe wa biskuti. Bangili sita zilikuwa ndani, kwenye leso ileile.

"Lirudishe basi," alisema. "Chuma chakavu ni chuma chakavu. Lakini mimi nina moyo laini."

Mubashir alitoka akijizuia kuruka. Amemuuzia bibi kizee madebe ya samli, tena kwa dhahabu! Kesho yake alimvisha Rukhsana bangili kwa mkono wake, Rukhsana akamtazama muda mrefu kisha akatabasamu, na Mubashir akajiona ndiye mjanja wa mwisho aliyebaki mjini.

Jioni ya hina alisimama kwenye makutano ya Saddar, amebeba sinia la peremende. Honi ikalia. Gari jekundu likasimama mbele yake. Kwenye usukani alikaa Bi Jerbai, amejifunga skafu, na kiti kilimtosha sawasawa. Pembeni alikaa Fundi Zamir, na mapajani mwa Fundi alikaa mbuzi mweusi, mzima kabisa. Mlango ulikuwa umenyooshwa, lakini maandishi ya samli hayakupakwa rangi.

Mubashir alilitazama gari, akamtazama Fundi, akamtazama mbuzi. Akakumbuka nauli ya Seth, rangi nyekundu, banda jipya: vyote vimeishia kwa bibi, bila yeye kutoa hata senti. Sinia likaanza kumlemea.

"Daktari," alisema Bi Jerbai, "wale mchwa wamerudi. Utakuja lini?"

Mubashir akamnyooshea sinia achukue peremende.

"Kesho, mama," alisema. "Na safari hii nitakuja na dawa."