Komwe Kumi na Tumbili wa Mzee Boga

Jumatatu, 1 Juni 1964. Kinondo.
Nimeamua! Namposa Mwanaima. Mwenyewe ameridhia. Kilichobaki ni babake, Mzee Boga, ambaye tumbili wakiingia mahindi yake hata salamu haitikii. Nao huingia siku sita katika kila kumi. Bibi yangu, aliyenilea, ataka kupeleka posa kesho. Pupa! Katika chuo cha ualimu nilifundishwa kulijaribu jambo kwa namba za bahati kabla ya kulitenda. Nimechukua komwe kumi, mbegu za kuchezea bao, nimeziandika sifuri hadi tisa, nimezitia kofiani. Sifuri hadi tano, tumbili. Sita na kuendelea, amani. Kila komwe nichotayo ni siku moja. Kisha narudisha, natikisa.

Jumanne, 2 Juni
Nimechota kutwa barazani. Vidole vyauma. Mzee akipata siku mbili mfululizo bila tumbili, atalainika. Ndani ya wiki moja, bahati ni nusu tu au zaidi kidogo. Ndani ya wiki mbili, mara kumi na saba kati ya ishirini! Nimemwambia Bibi tungoje wiki mbili. Akauliza kama komwe ndizo zinazooa. Mwanaima naye ameniletea ujumbe nifanye haraka, Salimu muuza samaki anamwulizia. Nimemjibu atulie, hesabu iko upande wetu. Moyo ulinidunda. Nikaupuuza.

Alhamisi, 4 Juni
Bi Mbeyu, jirani, amekuja na kuku. Ameniona nikichota komwe na kunong'ona, basi ataka kujua mbuzi wake amepotelea wapi. Nimemweleza si ramli, ni hesabu. Akanikonyeza, akasema siri haitatoka. Nikamwambia ajaribu penye maji. Kuku alikuwa mnono. Ilifaa nimrudishe! Sikumrudisha.

Jumamosi, 6 Juni
Balaa! Mbuzi amepatikana kisimani. Bi Mbeyu amenisifu mji mzima. Mzee Boga amesema bintiye haolewi na mpiga ramli. Nimemkimbilia, nimempa shikamoo, nimemwonyesha komwe zenyewe ajionee kwamba ni namba tu. Kosa kubwa. Akasema audhubillahi, akafunga mlango.

Jumatatu, 8 Juni
Salimu ameposa. Amekubaliwa! Na leo tumbili waliingia tangu alfajiri! Bibi ameniambia yaliyotokea. Salimu na wazee wake waliwakuta hao tumbili shambani, wakaweka posa chini, wakawafukuza kwa mawe. Mzee Boga alicheka mpaka akakaa. Bibi akaniuliza kwa nini mimi, siku zote hizi, sikwenda kufukuza hata tumbili mmoja. Jioni Mwanaima alipita mbele ya baraza, hakunitazama. Nimelia, wala sioni haya kuandika.

Jumanne, 9 Juni
Kosa nimeliona: Salimu sikumwekea komwe! Nimeziandika upya. Sifuri hadi mbili, wataachana. Nachota tangu asubuhi, na mambo si mabaya. Bibi asema yuko binti kule Waa, mpole, ameniulizia mwenyewe, na babake hana hata bua moja la mahindi. Nimemwambia tungoje.