Talaka ya Maji

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa kiwanda cha haidrojeni, hapa kwetu jangwani, Oman.

Salamu na baada ya salamu. Ni mimi Bakhiti bin Suhaili, yule ambaye ngamia wake aliwafunika wote kwenye mbio za Haima. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Herufi zikipinda, ni upepo.

Ijumaa mhandisi wako Qaisi alikunywa kahawa kwangu. Nikamwuliza ile mitambo yenu inafanya nini hasa. Akasema, "Ami, maji ni mume mmoja, oksijeni, na wake wawili, haidrojeni. Sisi tunawapitishia umeme, wanaachana." Wake zangu wawili, Tufuli na Nuwairi, walikuwa nyuma ya pazia. Msiba ukaanzia hapo.

1. Mnavunja ndoa bila kadhi wala mashahidi, na wake hawakai eda. Wanatokea bombani moja kwa moja.

2. Wake mnawatia kwenye matangi, mnawawekea walinzi, mnawapeleka Ulaya. Mume mnamwachia hewani. Nilimwuliza Qaisi anakwenda wapi, akasema popote. Mheshimiwa, mwanamume mzima, popote?

3. Hili nimelisahau, lakini lilikuwa zito.

4. Wake zangu, ambao hawajawahi kukubaliana hata juu ya chumvi, Jumamosi walikubaliana. Wamehamia kwa kaka yake Nuwairi, na birika zuri la kahawa wamelibeba. Nilipowafuata, Tufuli akanijibia mlangoni: "Yule wa kwenye maji akiachwa, watu wanampumua. Wewe nani anakuhitaji?" Nilikuwa na jibu kali sana. Lilinijia nikiwa njiani kurudi.

5. Sasa kahawa napika mwenyewe, na wageni wanatikisa kikombe kuwa wametosheka kabla sijamimina. Umeme wa nyumba nimeuzima, kwa tahadhari.

Kwa hiyo funga kiwanda, uyaoze maji upya, kisha uje uwaambie wake zangu kwamba Qaisi ni mwongo.

Nisalimie mafundi, walinzi na wapishi wenu, hata Qaisi.

Ni mimi mzee wenu, nisiyeshindwa,
Bakhiti bin Suhaili

Nyongeza: Usifunge kwanza. Qaisi amewaeleza wake zangu kuwa haidrojeni ikipata moto humrudia oksijeni, wakawa maji tena. Wamerudi jana. Wamekoka moto, mmoja kulia kwangu, mwingine kushoto, na tangu alfajiri wananisema kwa pamoja. Je, mtambo mdogo wa nyumbani mnao?