Almasi ya Mama Mkwe na Kipimo cha Andazi

Jumatatu, 3 Agosti

Daftari, pokea salamu. Mie wa darasa la saba najua kuandika barua tu, kwa hiyo nakuandikia hivyo hivyo. Hapa Tandika hatujambo. Mie Eufrazia sijambo, ni presha tu. Mwanangu Gibson hajambo, kakonda kwa mapenzi. Binti yangu Jesca hajambo, yuko kwenye simu. Mpangaji wetu Nurdin hajambo, mafua yamemwachia. Kuku wote watano hawajambo. Wifi yangu Demetria wa Kipawa naye hajambo, ndivyo alivyojaliwa.

Sasa habari. Jumamosi, Nane Nane, Gibson anamvisha pete mchumba wake Marietha. Pete ni ya marehemu mama mkwe, ina almasi aliyokuja nayo babu Polikarpo enzi za ubaharia. Mama mkwe alinipa mkononi, maana nilimuuguza miaka miwili. Lakini wifi ndiye mwanawe wa kumzaa. Kwenye kikao cha ukoo alikubali jiwe liende kwa Marietha, kwa sharti moja: pete ibaki kama mama alivyoiacha. Ikiguswa, jiwe linakwenda Kipawa. Wazee wakaitikia. Na mie nikaitikia.

Tatizo, almasi yenyewe ni kama kichwa cha kiberiti. Watu wa viti vya nyuma wataona nini? Halafu wifi asimame aseme, hiyo ya mama yangu. Hapana. Naibadilisha. Kimya kimya.

Jumanne, 4 Agosti

Nimekwenda mjini kwa sonara, mzee Abbasali. Binti yake Rumana kanionyesha picha. Mtindo wa kwanza, kucha nne zimeshika jiwe. Ndiyo hii ya sasa. Wa pili, jiwe linazamishwa ndani ya dhahabu, linalala. Wa tatu, ua! Jiwe katikati, majani manane yamesimama wima, kila jani na kijiwe chake cha kung'aa.

Mzee kauliza mvaaji anafanya kazi gani. Nesi, nikasema. Akasema basi ya kuzamisha, mama, maana ua litachana glovu na kunasa kila kitambaa. Rumana naye, ya kuzamisha. Nikawauliza, ya kuzamisha inaonekana kutoka viti vya nyuma? Wakatazamana.

Nimechagua ua.

Kumbe wanataka kipimo cha kidole. Nimempigia Gibson. Eti kidole cha Marietha ni cha kawaida. Wanaume!

Jumatano, 5 Agosti

Marietha kaja asubuhi kunisaidia maandazi ya biashara. Shikamoo mama, na goti kapiga. Mtoto ana adabu mpaka nasikia vibaya. Nikamwambia kwetu Songea mkwe huchomeka kidole cha pete kwenye andazi la kwanza, kwa baraka. Hakuna mila hiyo. Nimeitunga pale pale, mkononi nina unga. Kachomeka. Tundu safi!

Nikaogopa donge bichi litabondeka njiani. Nikalikaanga. Kwenye mafuta tundu likaanza kuziba. Nikaliwahi, nikalishikilia kwa mpini wa mwiko mpaka likaiva. Limetoka zuri kabisa.

Mzee Abbasali kalitazama andazi muda mrefu. Kasema miaka arobaini ameletewa uzi, waya, hata pete ya marehemu. Andazi, leo. Akauliza bibi harusi ni mtu wa mwili? Nikasema kajaliwa. Akaniomba nimlete mwenyewe. Nikasema ana aibu. Kapima. Rumana kala kipimo na chai.

Ijumaa, 7 Agosti

Pete imekuja! Inawaka kama taa ya harusi. Inaingia kwenye dole gumba langu, na nafasi inabaki. Mzee kasema binti akija, saa moja tu inapunguzwa. Nikamwambia hakuna shida, huenda akanenepa.

Gibson kaiona, kauliza mbona pete imenona. Nikasema imesafishwa. Wifi kapiga simu, kauliza pete iko vilevile? Vilevile wifi yangu, nikasema. Presha yangu haiwezi ukweli.

Jumamosi, 8 Agosti

Nyumbani kwa kina Marietha, Ubungo. Wakatoa wasichana watatu wamefunikwa khanga gubigubi. Wifi ndiye shangazi, kwa hiyo ndiye wa kufunua. Wa kwanza: "Huyu siye! Huyu mie sikumfuata!" Wa pili: "Huyu hata mahari tungerudishiwa!" Vigelegele. Wa tatu, Marietha. Gibson kamvisha. Pete ikakaa! Mtoto mwerevu, alikunja kidole.

Wifi kamkumbatia. Wakaachana.

Kidole kitupu!

Sijui nini kilinipata. Nilisimama juu ya kiti. "Wifi kaiba! Ulikuwa unalitaka jiwe tangu siku ya arobaini ya mama!" Muziki ukazimwa. Mama yake Marietha akakaa chini. Wifi kageuka taratibu kuniuliza kama nina wazimu. Alipogeuka, watu wote wakaona. Ua linaning'inia mgongoni mwake, limenasa kwenye lesi ya gauni. Viti vya nyuma waliliona vizuri sana.

Jesca kalinasua, kampa. Wifi kahesabu yale majani, moja moja, mpaka nane. Sharti ni sharti. Gibson kashika kichwa. Mie nashika kiti.

Ndipo Marietha akapiga goti. Akasema, "Shangazi, chukua jiwe la mama yako. Mie nimemfuata Gibson. Hata mkono mtupu nakuja."

Wifi kamtazama. Machozi yakamtoka. Kavuta uzi kwenye pindo la lesi yake mwenyewe, kauzungusha kwenye pete mara nyingi, kamvisha upya. Ikashika. Akasema, "Jiwe lako mwanangu. Wazimu wa mama mkwe wako ni wake, wewe usiurithi."

Watu walicheka mpaka msosi ukapoa. Na mie nikacheka. Ungefanyaje?

Jumapili, 9 Agosti

Baada ya misa nilimwomba wifi msamaha, kwa machozi ya kweli. Kanisamehe. Kesho tunakwenda wote kwa sonara, pete ipunguzwe na jiwe lizamishwe, kwa ajili ya glovu. Nimeapa mbele ya padri: hakuna tena kufichana.

Nimetoka kanisani mwepesi kama unyoya. Nimekaa nje, kwenye kivuli cha duka, nikamtumia mzee Abbasali ujumbe:

"Shikamoo mzee. Kesho nakuja na wifi. Mwambie ua lilikuwa ushauri wako, mie nililikataa. Na mwambie jiwe likizamishwa linapasuka. Nijibu upesi, kaniomba namba yako."