Aliyeokolewa Mara Tatu

Marashi alikuwa anapita zake mbele ya duka la magodoro alipomsikia mwenye duka akigombana na gazeti. Ukurasa wa mbele ulikuwa na picha ya kijana aliyevishwa nishani kwa kumtoa mtu mtoni.

"Hata mimi ningeruka," alisema muuza magodoro, akiigonga picha kwa kidole. "Basi tu, sikuwa pale."

Marashi alisimama. Waliompa jina hilo walikuwa na sababu mbili: alinukia kabla hajafika, na akishaondoka ilibaki harufu tu. Alijua mji umejaa watu ambao wangeruka, basi tu hawakuwa pale. Watu wa aina hiyo wakipata wa kuwaelewa, hufungua mifuko wenyewe.

"Mzee wangu," alisema, akivua kofia, "kweli hujawahi kuokoa mtu?"

"Nani anauliza?"

"Katibu wa Baraza la Nishani za Uokozi." Baraza lenyewe lilikuwa na umri wa nusu dakika, lakini katibu lilikwisha kumpata.

Muuza magodoro alifikiri mpaka jasho likamtoka. "Mwaka juzi nilimzuia fundi asishike waya wa umeme."

"Alikuwa anaushika?"

"Alikuwa anautazama."

"Huo ni uokozi wa mapema, mzee! Wanaongoja mpaka mtu aungue ni wengi. Wanaowahi ni wachache sana."

Kufikia Ijumaa Baraza lilikuwa na mashujaa watatu. Wa pili alikuwa mwenye bucha, aliyewahi kumwambia mteja kwamba ini lile limelala siku nyingi, akamuuzia lingine. Wa tatu, mwenye ghala la saruji, aliwahi kutoa toroli ili mgonjwa akimbizwe hospitali, ingawa alitoza ada ya kukodi. Kila mmoja alilipa ada nene ya Baraza, na zote Marashi alizitia kwenye mkoba mmoja wa ngozi. Mpango wake ulikuwa mwepesi kama pamba: sherehe Jumamosi alasiri, picha, makofi, kisha mlango wa nyuma na basi la saa kumi.

Zilibaki nishani zenyewe, na nishani mjini zilichongwa na mtu mmoja tu. Mama Mihuri alichonga mihuri ya ofisi, vibao vya milango na vikombe vya mashindano ya shule, katika chumba kilichonuka shaba na mafuta ya mashine. Alipofika, Marashi alimkuta ana mgeni: mwanamke mwenye mabega mapana, ameketi kwenye benchi akibandika kiraka cha mpira kwenye boya la kuokolea.

"Huyu ni mlinzi wa bwawa la manispaa," alisema Mama Mihuri. "Ameshatoa watoto kumi na mmoja majini, na boya ndilo hilo moja."

"Naye ana nishani?" Marashi aliuliza, kwa adabu tu.

"Hajaomba," alijibu Mama Mihuri, akaipokea orodha ya nishani tatu, akafungua daftari. "Haya. Aliyeokolewa yuko wapi?"

"Aliyeokolewa?"

"Mwanangu, zamani nilimchongea mtu nishani ya uongo bila kujua. Wiki iliyofuata mwokoaji wa kweli alisimama dirishani pangu, akaitazama nakala yake niliyoiweka kwa maonyesho, akaenda zake. Tangu siku hiyo sichongi mpaka aliyeokolewa atie sahihi."

Marashi aliutazama ukurasa mtupu. Kutafuta waongo watatu wa kuaminika kungechukua wiki nzima.

"Ni mimi," alisema. "Nilikuwa naushika waya." Akatia sahihi: Katibu wa Baraza.

"Na hii ya mwenye bucha?"

"Ni mimi pia. Ini."

"Na ya toroli?"

"Mama, mwaka ule ulikuwa mbaya sana kwangu."

Mama Mihuri alimtazama juu ya miwani. "Pole, baba. Nishani nitazileta mwenyewe ukumbini, kwenye visanduku vilivyofungwa. Shaba ikishikwashikwa kabla ya sherehe inabaki na alama za vidole."

Jumamosi ukumbi wa shule ulijaa. Marashi alikuwa ameshika mkoba kwapani, anatabasamu, mpaka alipoona sare kwenye kiti cha mbele.

"Shemeji yangu," alinong'ona muuza magodoro kwa fahari. "Mkuu wa kituo cha polisi. Nilisema nikushtukize."

"Umenishtukiza kweli," alisema Marashi.

Nishani ya kwanza ilivishwa. Mke wa muuza magodoro akaigeuza, akakuta maandishi mgongoni, akayasoma kwa sauti ya kufika sokoni: "Kwa kumwokoa Katibu wa Baraza na waya wa umeme." Watu wakapiga makofi. Mwenye bucha naye akageuza yake, na sauti ikamshuka njiani: "Kwa kumwokoa Katibu wa Baraza... na ini." Mwenye saruji alijaribu kuificha yake mfukoni, lakini mama mkwe wake alishaidaka.

Mkuu wa kituo akainuka taratibu.

"Katibu, wote watatu wamekuokoa wewe?"

"Kazi ya Baraza ina misukosuko, afande."

"Shemeji, ni kweli?"

Muuza magodoro alimtazama mkewe, akamtazama mpiga picha. "Kweli tupu. Alikuwa anatoa moshi."

"Kwangu alikuwa amegeuka kijani," alisema mwenye bucha haraka.

"Toroli langu lina ushahidi," alisema mwenye saruji.

Afande hakukaa. Ndipo Mama Mihuri alipopanda jukwaani.

"Katibu ni mnyenyekevu, hapendi kujitangaza," alisema. "Mtu aliyeokolewa mara tatu hawezi kuwasahau waokoaji. Mkoba ule ni mchango wa mashujaa hawa kwa bwawa la manispaa: maboya mapya, na mlinzi wa pili. Sivyo, Katibu?"

Marashi alifungua mdomo. Aliuona mlango wa nyuma. Aliiona sare. Kisha akamwona mlinzi wa bwawa, amesimama ukutani na boya lake lenye viraka, hajui aweke wapi mikono.

"Ndivyo," alisema, na sauti ilimtoka laini kuliko alivyotaka. "Ndivyo tulivyopanga."

Mkoba uliondoka kwapani mwake. Mashujaa watatu walipiga makofi kuliko wote, na afande akaketi, akapiga pia.

Nje, basi la saa kumi lilikuwa limeshapita.

"Mama, umenimaliza," alisema Marashi.

"Nimekuokoa, mwanangu." Mama Mihuri alitoa kisanduku cha nne. Mgongoni mwa nishani palichongwa: *Kwa kumwokoa*, kisha nafasi tupu, kisha: *na jela*. "Hii ni yangu. Nimeacha mahali pa jina. La kweli."

Akamfungulia daftari, akampa kalamu.

Marashi alicheka mpaka macho yakamlowa. Halafu aliinama, akaandika polepole, kwa mwandiko wa mtoto wa darasa la pili, jina alilopewa na mama yake.