Shawa ya Ghorofa ya Nne na Nyimbo za Ghorofa ya Tatu

Kwako Mzee Ghanim, mwenye nyumba wangu,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepata nafuu. Mimi Abdulswamad, muuza mashuka, mpangaji wako wa ghorofa ya nne hapa Kariakoo kwa mwaka wa tisa sasa, nakuandikia kwa heshima na masikitiko kuhusu shawa yangu. Tangu mwezi uliopita haimwagi maji; inayadondosha, kama mtu aliyelazimishwa kutoa sadaka.

1. Ijumaa iliyopita nilikwenda msikitini na sabuni mwilini. Kabla ya hotuba, mzee mmoja wa safu yangu aliniinamia akaninong'oneza, "Ostadh, una povu sikioni."

2. Sikukurupuka. Nilifanya uchunguzi. Nilifungua bomba la sinki, maji yakatoka kwa nguvu hadi yakanilowesha shati. Nikafungua bomba la ndoo, humohumo bafuni. Ndoo ikajaa kabla sijamaliza kukunja mikono ya shati. Mtu wa haraka angesema ubovu uko kwenye shawa. Mimi niliona mbali zaidi: kuna mtu anajua saa ninayosimama chini ya shawa, naye hunizuilia maji.

3. Mtu huyo ni Bi Candida, muuza viungo, anayeishi ghorofa ya tatu, chini yangu. Ushahidi ninao. Huimba anapooga, beti zote, na kiitikio anarudia. Mwenye maji ya kudondoka haimbi, Mzee. Anahesabu matone.

4. Ili nisimwonee, Jumanne nilifunga duka nikaja kuoga saa sita mchana, yeye akiwa sokoni. Maji yalikuwa yaleyale. Hapo ndipo nilipotambua ukubwa wa jambo: mama huyu anaweza kunizuilia maji hata asipokuwepo.

5. Nilipomweleza mke wangu Mauza, alicheka hadi akakaa chini. Kisha akafungasha kanga zake akaenda kwa dada yake Jangwani. Alichosema ni, "Nitarudi ukimaliza kesi." Leo siku ya nne. Jangwani, Mzee! Wenzake huko wanayakimbia maji ya mafuriko, yeye ameyakimbilia.

Kwa hiyo naomba Bi Candida ahamishiwe chini kabisa, au Kigamboni. Kuimba bafuni kuwe kwa kibali chako cha maandishi. Na tangi la juu liwekewe mlinzi, ikiwezekana asiyependa muziki.

Nisalimie Bi Mkubwa, mwanao Hussam, wajukuu wote, na fundi umeme kama bado yupo hapo kwako.

Ni mimi mpangaji wako mtiifu,
Abdulswamad

Nakala: Bi Candida (nimeipitisha chini ya mlango wake).

Nyongeza: Kabla sijapata mtu wa kukuletea barua hii, Bi Candida alipanda ngazi, nakala mkononi. Nikajiandaa kwa matusi. Akaniuliza tu, akiniita kwa jina la mwanangu, "Baba Shahd, una siki?"

Aliizungusha shawa kwa mkono akaitoa, akanionyesha. Matundu yote yalikuwa yamezibwa na chumvi ya maji ya kisima, imeganda nyeupe kama chokaa. Tukailoweka kwenye bakuli la siki, akayachokonoa matundu kwa pini, akairudisha mahali pake. Nilipofungua, nilirudi nyuma hadi mlangoni, nimelowa na kanzu yangu. Nikawa natafuta neno la kumwomba radhi, lakini aliniwahi.

"Kwani naimba vibaya?"

Nikasema hapana. Na kwa kweli, Mzee, haimbi vibaya.

Maombi yangu yote nayafuta. Barua nakuletea hivyohivyo kwa sababu nimeiandika kwa mwandiko mzuri. Mauza alirudi jioni ileile. Sasa anaoga yeye saa nzima, na mimi nasimama nje na taulo begani. Kwa hilo sijui nimlalamikie nani.